Lebo, Weka na Wazi: Tahakiki ya Rasimu ya Istilahi za Nyimbo katika Kompyuta

Hivi karibuni tulipokea rasimu ya istilahi kutoka kwa kikundi cha wafasiri wa kujitolea walioifasiri kwa Kiswahili programu ya kompyuta ya kuhariri maelezo ya nyimbo. Maneno yenyewe hayafiki mia moja, na wengi wetu tulidhani kwamba orodha fupi kama hiyo itapita katika kikao kimoja. Haikupita, wala hatujutii muda uliotumika. Tunatoa hapa maoni yetu kwa kuwa tunaamini kwamba makosa ya rasimu hii si ya wafasiri hawa peke yao.

Kwanza hatuna budi kueleza jambo lenyewe kwa wale wasiolizoea. Faili la wimbo katika kompyuta au katika simu hubeba vitu viwili: sauti, na maelezo ya sauti hiyo, yaani jina la wimbo, aliyeimba, albamu, mwaka, na kadhalika. Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni utaratibu uitwao ID3 wa kuyaambatisha maelezo hayo na faili la MP3. Utaratibu huo wa kwanza ulikuwa na ubahili mkubwa. Ulitenga baiti 128 tu mwishoni mwa faili: jina la wimbo lilipewa herufi 30, mwimbaji 30, albamu 30, mwaka 4, maoni 30, na aina ya muziki baiti 1, baiti 3 zilizosalia zilikuwa alama ya kuonyesha kwamba maelezo yapo. Atakayeandika humo “Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano” atarudishiwa “Mbaraka Mwinshehe na Super Vol”. Mwaka 1998 ulitoka utaratibu wa pili, ambao maelezo yake hukaa mwanzoni mwa faili, una nafasi nyingi zaidi, na haukati majina kwa namna hiyo.

Programu inayohusika humwezesha mtu kuchagua mafaili mia mbili, akaandika neno moja katika nafasi moja, na neno hilo likaingia katika mafaili yote mia mbili kwa kubonyeza mara moja. Hapo ndipo istilahi inapokuwa na uzito usio wa kawaida. Neno lenye utata katika kitabu humpoteza msomaji kwa sentensi moja, naye hujirudi. Neno lenye utata juu ya kibonyezo cha programu ya namna hii huharibu mkusanyo mzima kabla mtumiaji hajatambua kwamba amekosea.

Tuanze na jina la kitu chenyewe. Rasimu imelitafsiri neno la Kiingereza “tag” kuwa lebo. Tuna hoja mbili dhidi yake. Ya kwanza ni kwamba lebo hubandikwa nje. Watumishi wa masjala wanajua tofauti iliyopo kati ya kichwa kilichoandikwa juu ya jalada na karatasi zilizofungwa ndani: unaweza kubadili kile cha juu bila kugusa hata folio moja. Ndivyo lilivyo faili la wimbo. Jina la faili ni la nje. Maelezo tunayoyazungumzia yamo ndani. Watu wengi hubadili jina la faili, kisha hushangaa kuona kwamba simu bado inaonyesha jina la zamani. Istilahi ya lebo inaukuza mkanganyo huo. Hoja ya pili ni nzito zaidi. Katika biashara ya muziki lebo ni kampuni inayomsimamia mwimbaji na kutoa kazi zake, na matumizi haya yamekwisha kuota mizizi katika magazeti na redio. Programu hiyohiyo ina nafasi ya kuandika kampuni iliyotoa wimbo. Wafasiri wetu, kwa kuwa hawakuwa na la kufanya, wameiita nafasi hiyo “lebo ya lebo”. Tulicheka, lakini tulipomaliza kucheka tuliona kwamba wamejifunga wenyewe.

Pendekezo letu ni kitambulisho. Najua baadhi ya wenzetu watasema kwamba neno hili limekwisha kushikwa na kadi ya uraia; lakini kadi hiyo ndiyo mfano wetu bora. Mtu huichukua mfukoni popote aendapo, nayo hutaja jina lake, mwaka wake na asili yake, na mtu akibadili nguo kadi haibadiliki. Kitambulisho cha wimbo hakitaleta utata kwa sababu hakuna afisa atakayeudai wimbo kadi ya uraia.

Kuhusu kuhariri mafaili mengi mara moja, rasimu ina maneno matatu katika kurasa tofauti: “kwa bechi”, “kwa wingi” na “kwa mpigo”. Kutofautiana huko ni kosa hata kama kila neno lingekuwa zuri. “Kwa wingi” humaanisha idadi tu, si tendo moja. “Kwa mpigo” ni Kiswahili safi na tungelikubali katika programu nyingine yoyote. Lakini hapa tumo katika muziki, ambako mpigo una kazi yake, na kitambulisho kina nafasi ya kuandika mipigo kwa dakika. Mtumiaji atakayesoma “hariri kwa mpigo” atakuwa na haki ya kudhani kwamba nyimbo zitapangwa kwa kasi yake. Tunapendekeza “kwa mkupuo”. Kila mtumishi anayekaribia kustaafu anaijua maana ya mafao ya mkupuo: yote, kwa mara moja, na yakishatoka yametoka.

Sasa tufike kwenye maneno mawili yaliyotufanya tuandike makala haya. Ukichagua nyimbo kadhaa ambazo miaka yake haifanani, programu haiwezi kuonyesha mwaka mmoja katika nafasi ya mwaka. Kwa hiyo huonyesha alama mbili za kuchagua: moja ya kuamuru kwamba kila wimbo ubaki na mwaka wake, nyingine ya kuamuru kwamba mwaka ufutwe katika nyimbo zote zilizochaguliwa. Ya kwanza wameiita Weka. Ya pili wameiita Wazi.

Ni dhahiri jinsi walivyofika hapo. Kiingereza kina “keep”, na kamusi husema kwamba kukiweka kitu ni kukihifadhi. Lakini mwambie Mswahili “weka” mbele ya nafasi ya kujazwa, naye atauliza: niweke nini? Kwake neno hili ni amri ya kutia kitu kipya, kinyume kabisa cha ilivyokusudiwa. Na “wazi”? Mlango ulio wazi haujaharibika. Mkutano wa wazi unakaribisha kila mtu. Suala lililoachwa wazi ni suala ambalo halijaamuliwa. Mtu mwangalifu, asiyetaka kuharibu kitu, atachagua Wazi kwa kudhani kwamba anaacha mambo yalivyo.

Hatukutaka kubishana kwa nadharia tu. Tuliwapa wenzetu watatu ofisini nakala za nyimbo 60 za taarabu na dansi, tukawaomba wasahihishe jina la kikundi pasipo kugusa kitu kingine chochote. Wawili kati yao walichagua Wazi katika nafasi ya mwaka. Miaka yote 60 ilifutika. Walikuwa watu makini, nao walisoma kila neno lililokuwa mbele yao. Uangalifu wao ndio uliowaponza. Laiti zisingekuwa nakala, tungekuwa tumepoteza kazi ya mtu aliyekesha akitafuta tarehe hizo kwenye karatasi za santuri.

Mmoja wetu alipendekeza “hifadhi” badala ya “weka”, lakini neno hilo tayari limo kwenye kibonyezo cha kumalizia kazi, na kuwa na Hifadhi mbili zenye maana mbili katika ukurasa mmoja ni kurudi tulikotoka. Tumeafikiana juu ya “acha ilivyo” kwa ile ya kwanza na “futa zote” kwa ile ya pili. Ni maneno mawili mawili, ndiyo, na wafasiri watalalamika kwamba nafasi ni finyu. Heri nafasi ifinyike.

Tukiendelea na mwaka: rasimu ina nafasi moja tu iitwayo “mwaka”, ilhali utaratibu wa ID3 uliorekebishwa mwaka 2000 unatenga mwaka wa kurekodi na mwaka wa kutolewa. Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Sauti hizo zilipochapishwa tena katika CD, mwaka wa CD ndio ulioandikwa kwenye jalada lake. Anayejaza kwa mkupuo huangalia jalada lililo mkononi, na kwa pigo moja Siti, aliyefariki mwaka 1950, ataonekana akiimba miongo kadhaa baada ya kuzikwa. Iitwe “mwaka wa kurekodi” na “mwaka wa kutolewa”, nafasi mbili, kama watunzi wa utaratibu walivyokusudia.

Jambo lililotuudhi zaidi ni “msanii”. Neno hili ni pana: mchonga vinyago ni msanii, mwigizaji ni msanii, na katika mazungumzo ya mitaani hata tapeli ni msanii. Rasimu imelitumia kwa mwimbaji mkuu, kwa kikundi na kwa aliyeimba wimbo mara ya kwanza, kisha ikatumia “mtunzi” kwa mwenye muziki na kwa mwenye maneno pia. Utaratibu wa 1998 una nafasi mbalimbali kwa watu hawa wote. Wafasiri wamepewa nyumba ya vyumba vitano, nao wamevunja kuta.

Hasara hii ni yetu kuliko ya watu wengine. Katika taarabu ni jambo la kawaida mashairi yatungwe na mmoja, muziki utiwe na mwingine, aimbe wa tatu, na jina linalojulikana liwe la kikundi, kama vile Ikhwani Safaa cha Unguja kilichoanzishwa mwaka 1905. Mshairi asipoandikwa kwenye nafasi yake hana mahali pengine pa kuonekana. Au chukua wimbo wa “Malaika”. Umeimbwa na Fadhili William wa Kenya, na Miriam Makeba wa Afrika Kusini, na Boney M., na Angélique Kidjo wa Benin. Utunzi wake umegombewa kwa miaka mingi, wengine wakimtaja Fadhili William na wengine Adam Salim. Katika hali hiyo mtu anayechagua albamu nzima ya Makeba na kuinakili nafasi ya “msanii” kwenye nafasi ya “mtunzi” kwa mkupuo, kwa kuwa maneno yenyewe hayamwonyi, ameitoa hukumu ambayo hakujua kwamba anaitoa.

Mfano wa bendi unafaa pia. NUTA Jazz iliyoanza mwaka 1964 ilikuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Mpenzi wa muziki huu ataona raha kuzikusanya nyimbo zote chini ya jina la mwisho, na programu itamtii. Lakini wimbo uliorekodiwa na NUTA utabaki kuwa wa NUTA. Tunapendekeza “mwimbaji”, “kikundi kama kilivyorekodi”, “mtunzi wa muziki”, “mtunzi wa mashairi”, na “mwimbaji wa awali”. Neno msanii libaki huko linakotumika vizuri.

Katika aina za muziki, orodha ya mwanzo ya ID3 ilikuwa na aina 80, kila moja na namba yake kuanzia 0 hadi 79. Polka imo, ni namba 75. Taarabu haimo, wala dansi. Kilichobakia kwa ajili yetu ni namba 48, ambayo wafasiri wameiita “muziki wa kikabila”. Taarabu ni muziki wa mjini, wenye udi na fidla na kanuni, uliokuzwa na watu wa asili nyingi. Kabila lake ni lipi? Neno hili lisingepaswa hata kufika kwenye rasimu. Tena halina haja: katika utaratibu wa pili aina ya muziki yaweza kuandikwa kwa maneno, basi na iandikwe “taarabu” au “dansi”. Baadhi ya wajumbe walitaka nafasi hiyo iitwe “mtindo”. Tulikataa, kwa kuwa mtindo katika dansi ni mali ya bendi: Sikinde ni mtindo wa Mlimani Park, Msondo ni mtindo uliotoka NUTA, na wote wawili wanapiga dansi.

Mengine ni madogo. “Namba ya njia” iwe “namba ya wimbo”. Ujumbe usemao “faili 1 yamebadilishwa” unaonyesha kwamba sentensi imeungwa kwa vipande. Mwandishi wa programu atayarishe sentensi mbili kamili, ya umoja na ya wingi, maana upatanisho wa kisarufi hauungwi kwa gundi. “Hariri”, “albamu” na “faili” tumeyapitisha bila ya mjadala. Tunawasifu wafasiri kwa “mashairi ya wimbo”, ambalo ni bora kuliko “maneno” tuliyokuwa tukilitumia wenyewe.

Limebaki moja ambalo hatukulimaliza. Utaratibu wa mwaka 2000 unaruhusu kuorodhesha wapigaji pamoja na ala zao. Wanamuziki wa dansi husema solo, ridhimu na besi, na hatuoni sababu ya kuwatungia maneno mengine. Kwa upande wa taarabu, majina ya wapigaji na ya ala hutofautiana kati ya Unguja, Mombasa na Tanga. Wasomaji walio karibu na vikundi hivyo wanaombwa watuandikie jinsi yanavyotamkwa na wapigaji wenyewe, kabla rasimu ya pili haijarudishwa kwa wafasiri.