Satelite ya Uganda: tulishangilia safari, tukaacha shamba

Wenzangu walisanse, kila tukizungumzia PearlAfricaSat-1, satelite ya kwanza ya majirani wetu wa ng'ambo ya Goli, habari inasimuliwa vilevile: "Uganda imeingia angani," basi. Mimi naona habari hiyo imekatwa pabaya.

Tuiangalie vizuri. Tarehe 7 Novemba 2022 ilipanda ndani ya Cygnus, chombo cha mizigo kisicho na mtu, kutoka Wallops, Marekani. Kati ya plaki zake mbili za jua, moja ilikataa kufunguka. Kilifika hivyo hivyo. Tarehe 9 kikasogea mpaka mita 10 hivi kutoka kwenye kituo cha kimataifa, kinachokimbia kilomita 28,000 kwa saa, njo Nicole Mann akakikamata kwa mkono wa mashini. Ndani mlikuwa na tani zaidi ya 3 za mizigo. Mzigo wa Uganda ulikuwa kiboksi cha sentimita 10, kilichojengwa Japani na mainjinia watatu: Edgar Mujuni, Bonny Omara na Derrick Tebusweke. Tarehe 2 Desemba kikaachiliwa angani.

Kazi nzuri, siipingi. Lakini siye wa agronomi tuulize: kiliweza kuona nini? Nukta moja ya picha yake ni mita 20 kwa 20. Shamba la muhogo la mita 50 kwa 50 hapa Mahagi linakuwa nukta sita tu. Na Sentinel-2 ya Ulaya inatoa picha za mita 10, bure kabisa, tangu 2015. Kama shida ingekuwa picha, ingekwisha zamani. Wanaokosekana ni wasomaji wa picha. Kiboksi chenyewe hakidumu: kwenye njia ya chini vile, kinashuka polepole na kuungua. Ujuzi wa wale watatu njo unabaki.

Tena Cygnus ile ile ilibeba mbegu za mtama za FAO na IAEA, zikae kwenye mionzi ya angani, kisha zirudi kupandwa na kuchaguliwa zile zinazovumilia ukame. Sehemu hiyo inatugusa siye wakulima kuliko bendera yoyote, na njo inayoachwa kila mara.

Picha za Mahagi ziko wazi leo, hata kwa telefone. Nani kati yetu amezifungua, halafu akaenda shambani kuhakikisha?