Kutia Hasara na Kupata Hasara

Katika magazeti, vitabu vya shule na matangazo ya redio ya siku hizi hukutwa maneno matatu yaliyokwisha kuwa kama sarafu mkononi mwa kila mtu: "mabadiliko ya tabianchi", "nchi zilizoathirika", na "hasara na uharibifu". Maneno haya yameenea upesi, wala hapana sababu ya kuwalaumu walioyatunga, maana jambo jipya hudai jina. Lakini jina laweza kufunika kama liwezavyo kufunua. Yafaa basi maneno hayo yapimwe kwa mizani ya lugha yenyewe, ili ijulikane yanasema nini na yananyamazia nini.

Kwanza ni umbo. Kiswahili kina njia mbili za kueleza jambo lililokipata kitu. Asemaye "nyumba imeharibika" hutaja hali ya nyumba tu. Kauli ya kutendeka haina nafasi ya mtenda. Asemaye "nyumba imeharibiwa" ameacha mlango wazi, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Sasa "mabadiliko" ni mtoto wa "badilika", si wa "badilisha". Na "zilizoathirika" si "zilizoathiriwa". Maneno yote mawili yamefuata njia isiyo na mtenda. Neno "tabia" huzidisha kimya hicho, kwa kuwa wengi huifahamu tabia kuwa ni kitu cha mtu mwenyewe. Mkulima aambiwaye kwamba tabia ya nchi yake imebadilika aweza kudhani kwamba nchi imegeuka yenyewe, kama kijana aliyeacha adabu za kwao.

Mambo sivyo yalivyo. Joto la dunia limeongezwa hasa na hewa ya ukaa, itokayo katika kuchoma makaa ya mawe, petroli na gesi, na waliochoma wajulikana. Tangu kuanza kwa viwanda, Marekani peke yake imetoa karibu robo ya hewa hiyo. Afrika nzima, iliyo na zaidi ya mtu mmoja katika kila watu sita wa dunia, hutoa kwa mwaka chini ya sehemu 4 katika 100. Wako wasemao kwamba ya zamani yamekwisha, na yatazamwe ya sasa tu: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Methali hiyo haina nguvu hapa. Hewa ya ukaa hudumu angani kwa mamia ya miaka. Alichokila mla jana kingali mezani.

Msumbiji ni mfano. Mwezi Machi 2019 kimbunga Idai kiliipiga Beira, na watu zaidi ya 1,000 walikufa katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Tarehe 25 Aprili mwaka ule ule kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, kikabomoa sehemu kubwa ya nyumba za kisiwa cha Ibo, ambako watu husema Kimwani, lugha iliyo ndugu wa karibu wa Kiswahili. Wataalamu hawasemi kwamba kimbunga fulani kilizaliwa na moshi wa kiwanda fulani. Wasemalo ni kwamba bahari yenye joto huzidisha nguvu na mvua ya vimbunga, na kwamba bahari iliyopanda huyasukuma maji mbali zaidi katika nchi kavu. Mwezi huo huo wa Aprili, Shirika la Fedha la Kimataifa liliikubalia Msumbiji dola 118,200,000 za dharura kwa ajili ya Idai. Fedha hizo hazikuwa na riba, lakini zilikuwa mkopo. Aliyebomolewa nyumba alipewa cha kujengea, akaandikwa katika daftari la wadeni.

Hapa ndipo neno "hasara" linapodai kuangaliwa. Katika maduka ya pwani mtu hupata hasara, na mtu hutia mwenziwe hasara. Aipataye katika biashara yake huilaumu bahati. Aitiaye kwa mwingine hudaiwa fidia. Tena "uharibifu" una mharibifu ndani yake, kwa kuwa watokana na "haribu". Basi Kiswahili, hata kilipokuwa kinatafsiri tu, kiliingiza katika istilahi swali ambalo baadhi ya wenye mkataba hawakulitaka. Mapatano ya Paris ya 2015 yalitaja hasara na uharibifu katika kifungu cha 8, lakini uamuzi ulioyapitisha ulieleza katika aya ya 51 kwamba kifungu hicho si msingi wa dhima wala wa fidia. Mfuko uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, na kuanzishwa Dubai mwaka 2023, ulifungwa kwa sharti lile lile. Kwa hiyo fedha ziingiazo humo huitwa michango. Mchango ni neno jema. Ni la jirani aletaye alicho nacho penye msiba. Lakini jirani aliyeichoma nyumba hawezi kuleta mchango na kungoja kushukuriwa.

Yaweza kujibiwa kwamba mfasiri hana kosa, maana Kiingereza chenyewe kilimficha mtenda kwanza. Jibu hilo ni la haki kwa mfasiri wa mkataba, asiye na ruhusa ya kuongeza wala kupunguza. Si la haki kwa mwalimu na mwandishi wa gazeti, ambao hawakuutia sahihi.

Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, ilitoa rai iliyoombwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwa juhudi za visiwa vya Vanuatu. Ilisema kwamba dola ivunjayo wajibu wake katika jambo hili yaweza kupasiwa kulipa fidia. Rai si hukumu, wala haimlazimishi mtu kutoa fedha. Hata hivyo neno lililofungiwa nje kule Paris limeingia kwa mlango wa mahakama.

Lugha haijengi ukuta wa bahari, wala hailipi deni. Lakini yaweza kuuita mkopo mkopo, na mchango mchango, na kuziita nchi "zilizoathiriwa" pale panapojulikana mwathiri. Watu wa Ibo wasimuliwapo habari zao kwa lugha iliyo ndugu ya lugha yao, wastahili kusimuliwa kwa kitenzi chenye mtenda.