Zima AMF, kisha tazama simu: kupima Open5GS na free5GC

Panga mezani vipeperushi vya programu za kiini cha mtandao wa simu, vya kulipia na vya bure, na utaona vyote vimejaa tiki zilezile. 4G ipo. 5G ipo. Kuficha utambulisho wa laini kupo. Tiki hizo kwa kawaida ni za kweli, ila anayetaka kuweka laini za watu juu ya programu hiyo ana swali ambalo hakuna kipeperushi kinacholijibu: sehemu moja ikizimika saa nane usiku, mteja atahisi nini, na kwa muda gani?

Mnara peke yake haujui wewe ni nani. Kiini ndicho kinachoikagua laini, kuipa simu anwani ya IP, kukumbuka iko eneo gani na kuifikisha kwenye intaneti. Katika 5G kazi hizo zimegawanywa: AMF hupokea usajili, SMF hufungua vikao vya data, UPF hubeba pakiti zenyewe. Mgawanyo huo umeandikwa katika hati ya 3GPP, muungano unaoweka viwango vya mitandao ya simu, yenye namba TS 23.501, na kwa kuwa watengenezaji wote wanasoma hati moja, programu mbili zilizozaliwa mbali na kwa lugha tofauti zinaweza kupimwa pamoja. Open5GS imeandikwa kwa C. Sukchan Lee aliianza kwa jina la NextEPC. free5GC imeandikwa kwa Go na ilitoka Chuo Kikuu cha Taifa cha Chiao Tung, Taiwan.

Wengi huanza na UERANSIM, programu inayojifanya simu na mnara kwa wakati mmoja. Muda si mrefu laini ya kubuni imesajiliwa, ping inapita, na ripoti inaandikwa. Mapema mno. UERANSIM haina redio. Kila kilicho chini ya RRC, itifaki ya mazungumzo kati ya simu na mnara, inakirusha kwa UDP tu. Ni chombo kizuri cha kuona kama ujumbe wa usajili unafuata hati, na hakikuambii lolote kuhusu simu halisi yenye tabia zake.

Chukua suala la ukubwa wa pakiti, ambalo limewakosesha wengi usingizi. Kila pakiti ya mteja ikitoka mnarani kwenda UPF hufungwa ndani ya nyingine: baiti 20 za IP, 8 za UDP, na katika 5G 16 za GTP, itifaki ya kifungashio hicho, pamoja na nyongeza yake. Jumla 44. Kama njia kati ya mnara na UPF inapitisha baiti 1500, mteja amebakiwa na 1456. Faili ya mfano ya Open5GS inaiambia simu itumie 1400, na simu nyingi hutii. Shida huanza mtu anapoigeuza simu kuwa hotspoti na kompyuta yake ikabaki kwenye 1500. Hapo ping inapita, ujumbe mfupi unakwenda, lakini picha inazunguka bila kufunguka na mteja anasema mtandao unasumbua. Ukitazama logi za kiini, kila kitu ni kijani. Jaribio lenyewe ni jepesi: kwenye kompyuta iliyounganishwa hivyo, tuma ping iliyokatazwa kukatwa vipande, yenye baiti 1372 za mzigo, halafu 1428, halafu 1429. Ile ya mwisho, ukijumlisha 28 za vichwa vyake, imevuka 1456. Andika inakwamia wapi, na nani anamwarifu mtumaji kwamba imekwama.

Sasa lile la sehemu kuzimika usiku. Open5GS na free5GC zote huweka taarifa za wateja, yaani funguo za laini na vifurushi vyao, kwenye hifadhidata ya MongoDB. Lakini kumbukumbu ya nani amesajiliwa sasa hivi inakaa ndani ya AMF yenyewe, kwenye RAM. Andika systemctl restart open5gs-amfd na kumbukumbu hiyo imefutika. Simu iliyokuwa inatumia data haipati taabu kubwa: mnara unaona muunganisho umekatika, unaiachia, simu inaomba huduma tena, AMF inaikana kwa sababu namba 9, kwamba haitambui utambulisho wake, nayo simu inajisajili upya. Mtumiaji huenda asione kitu.

Simu iliyolala mfukoni ndiyo yenye kisa. Haijui kwamba imesahauliwa. Pau za mtandao zimejaa, na hakuna kitakachoifikia mpaka yenyewe iongee. Itaongea lini? Kipima muda T3512 kikiisha. Hati za 3GPP zinakipa dakika 54 kama hakuna aliyesema vingine. Faili ya mfano ya Open5GS inaandika sekunde 540, dakika tisa. Kukifupisha kunapunguza muda wa simu kusahaulika, na kunaongeza ujumbe wa usajili unaobisha hodi kwenye AMF mchana kutwa. Hapa hakuna jibu sahihi la wote, lakini anayepima bila kugusa namba hii amepima nusu.

Wingi huo wa hodi si jambo la vitabuni. Tarehe 2 Julai 2022, kampuni ya KDDI ya Japani ilikuwa inabadilisha ruta kuu usiku, na kosa la njia likakata simu za sauti kwa takriban dakika 15. Mafundi wakarudisha kama ilivyokuwa. Lakini simu zilizokosa huduma zilirudi zote kwa mpigo kujisajili, mitambo ya VoLTE, yaani ya sauti juu ya 4G, ikalemewa, na hifadhidata ya wateja ikaanza kupishana na ukweli. Hitilafu ya robo saa ikazaa saa 61 za matatizo, mpaka walipoitenga mitambo 6 kati ya 18.

Kwa hiyo UERANSIM ina kazi ya pili, nzuri kuliko ya kwanza: washa simu za kubuni mia kadhaa kwa pamoja, zima AMF, iwashe, anzisha upya mnara wa kubuni na simu zake, uhesabu sekunde hadi zote zirudi. Ongeza idadi mpaka usajili uanze kushindikana. Kwenye Open5GS kumbuka kwamba faili ya usanidi ina kikomo cha simu 1024; asiyekiona atadhani amegundua udhaifu wa programu.

Kasi ya data nitaipita haraka. UPF ya Open5GS huipandisha kila pakiti kutoka kwenye kerneli hadi kwenye programu na kuirudisha, na hilo lina gharama. free5GC inatumia moduli ya gtp5g ndani ya kerneli, iliyo nyepesi zaidi, lakini ukisasisha Linux lazima uijenge upya, na seva inayojisasisha yenyewe alfajiri itakukumbusha hilo kwa ukali. Bahati nzuri UPF inaweza kubadilishwa peke yake: eUPF, inayotumia eBPF, njia ya kuendesha msimbo ndani ya kerneli, inafanya kazi na zote mbili.

Sauti nayo haimo. Open5GS haina IMS, mfumo unaobeba simu za sauti; watu huiunganisha na programu ya Kamailio, na unakuwa mradi mwingine kamili.

Kwa chuo au kiwanda chenye laini mia chache ningeanza na Open5GS, kwa sababu 4G na 5G zinakaa kwenye programu moja na simu nyingi mikononi mwa watu bado ni za 4G. Anayetaka kuichokonoa programu, kuifunga ndani ya bidhaa na kuiuza bila kuonyesha msimbo wake, atazame free5GC: leseni yake ni Apache 2.0, wakati AGPL ya Open5GS inamdai aliyeibadilisha awape msimbo huo hata wale wanaoitumia kupitia mtandao tu. Mwanasheria aulizwe hilo kabla fundi hajawasha seva.