503 Toa 287

Mwalimu anayewapa Kidato cha Kwanza swali la 684 − 231 hajawauliza kitu. Kila tarakimu ya juu ni kubwa kuliko ya chini yake, kwa hiyo anayejua kutoa na asiyejua wataandika 453, wote watawekewa vema, na kipindi kitakwisha kwa amani. Wape haohao 503 − 287, halafu pita katikati ya madawati.

Jibu ni 216. Madaftarini utakuta pia 384, utakuta 316, na pengine 286. Mpita njia ataona watoto watatu wasiojua hesabu. Mwalimu aliyekomaa ataona safari tatu tofauti. Wa 384 katoa tarakimu ndogo kwenye kubwa popote alipoikuta, iwe juu au chini: saba toa tatu, nane toa sifuri, tano toa mbili. Zamani aliambiwa kwamba kubwa haitoki kwenye ndogo, na kauli hiyo ameishika kwa uaminifu mkubwa. Wa 316 anajua kukopa. Alipofika kwenye sifuri akaigeuza tisa, kama inavyotakiwa, ila tano ya mamia akaiacha ilivyo. Jibu lake limezidi kwa 100 kamili: mkopo umechukuliwa, hakuna aliyekatwa. Wa 286 aliiruka sifuri, akachukua mia nzima akaipeleka kwenye mamoja kana kwamba ni kumi, kisha kwenye makumi akafanya kama yule wa kwanza. Ukisimama mbele ukawafundisha wote kutoa upya kwa pamoja, wa 316 atasinzia na wa 384 hutamfikia.

Mwaka 1978 Wamarekani wawili, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha kazi yao ya kuyachambua makosa ya namna hii kwa kompyuta. Walionyesha kwamba mara nyingi mtoto anayekosa habahatishi. Ana kanuni yake, anaifuata bila kupinda, na ukiigundua unaweza kulitabiri jibu lake la swali linalofuata. Walimu wazuri hufanya hivyo kwa jicho na kalamu nyekundu, usiku, na rundo la madaftari likiwa mezani.

Sekondari kazi hii ina ugumu wake. Kosa la kutoa si habari kwa mtoto wa Darasa la Tatu. Kwa kijana wa miaka 14 mwenye sare mpya ni aibu, na aibu hufichwa kwa kunakili. Tanzania kuna la zaidi: aliyesoma shule ya msingi ya serikali alihesabu kwa Kiswahili miaka yote, sasa kitabu ni cha Kiingereza. Na kwenye mtihani wa Hisabati wa Kidato cha Nne kikokotoo hakiruhusiwi, kwa hiyo tundu la kutoa lisipozibwa mapema litavujisha aljebra, takwimu na kila kinachofuata.

Mwalimu mmoja niliyemtazama akifundisha shule ya kata, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, hakumwambia wa 384 kwamba amekosa. Alimuuliza, “Baba, wewe si unakaa dukani jioni? Mteja kachukua vitu vya 2,850, kakupa elfu tano. Chenji?” Kijana hakugusa kalamu. Hamsini, ifike 2,900. Mia, ifike elfu tatu. Halafu elfu mbili. “Elfu mbili mia na hamsini, mwalimu.” “Haya, panda hivyohivyo kutoka 287 mpaka 503.” Kumi na tatu kufika 300, na 203 juu yake. Kijana akatazama 216 aliyoipata kichwani na 384 aliyoiandika, akaomba kifutio. Baada ya hapo tu ndipo mwalimu aliporudi kwenye mamia, makumi na mamoja.

Hili la dukani lina ushahidi wa mbali kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1985 kuhusu watoto wachuuzi wa Recife, Brazili, uliwakuta wakipatia takriban asilimia 98 ya hesabu za biashara zao, na asilimia 37 tu pale hesabu hizohizo zilipoandikwa kwenye karatasi kama zoezi.

Halafu kuna MAGAZIJUTO. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania huibeba mpaka uzeeni: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Naipenda, ila ina shimo. Katika 10 − 4 + 3, anayeifuata silabi kwa silabi atajumlisha 4 na 3 kwanza, kisha abaki na 3. Jibu ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, na anayetangulia kushoto ndiye anayehudumiwa kwanza. Kugawanya na kuzidisha navyo vina cheo kimoja, lakini GAZI haimdhuru mtu: ukigawanya kwanza kila mara, jibu hutoka salama. Kinachopoteza watu ni JUTO. Kama ingekuwa TOJU tungeokoa majibu mengi, japo MAGAZITOJU haiimbiki. BODMAS wanayokutana nayo sekondari ina shimo hilohilo.

Yule mama hakulalamikia kanuni. Alisema daladala ina abiria kumi, kituoni wameshuka wanne, wamepanda watatu. Tisa, darasa likajibu. Akawaagiza wafunge kwa mabano kile walichokifanya vichwani, ikatoka (10 − 4) + 3. Kisha akauliza swali ambalo kwangu ndilo ufundi wenyewe: “Na aliyepata 3, swali lake lilikuwa lipi?” Kimya kirefu. Msichana wa nyuma akaja ubaoni akaandika 10 − (4 + 3). Hakukuwa na kicheko. Jibu la 3 lilikuwa limepata kwao.

Mbinu hiyo ya kulitafutia jibu baya swali lake niliiona tena kwake kwenye hesabu za sehemu. Nusu jumlisha theluthi, na nusu ya darasa ikaandika mbili ya tano: juu kwa juu, chini kwa chini. Kwanza aliwauliza kama mbili ya tano inaifikia nusu. Haifiki. Basi umejumlisha, kitu kikapungua? Wengine wangeishia hapo na kukimbilia KDS, kigawe kidogo cha shirika. Yeye akaleta mpira: mchezaji kapiga penalti mbili akafunga moja, mechi nyingine kapiga tatu akafunga moja. Kafunga mbili kati ya tano, na hesabu hiyo ni halali kabisa. Ila penalti zinahesabiwa. Nusu ya mkate na theluthi ya mkate uleule ni mambo mengine. Wakakata mkate vipande sita, wakapata vitano.

Angalia pia namba anazozikwepa. Hatoi mfano wa 2 na 2, kwa kuwa 2 + 2 na 2 × 2 ni jibu moja na hutajua mtoto alifanya lipi. Anapenda sifuri ikae katikati, kama kwenye 1,224 ÷ 12, ambako wengi huandika 12 badala ya 102.

Namba hasi zilipofika, darasa zima lilikuja na wimbo wa “hasi na hasi ni chanya”, na −3 − 5 ikawa 8. Wimbo ni wa kuzidisha, wao wameuimba kwenye kutoa. Akawachoresha daftari la mangi, mwenye duka. Unadaiwa elfu tatu, leo umekopa elfu tano nyingine: kwenye ukurasa wako andika −8. “Na nane yenu ile,” akawauliza, “ni ya nani?” Ni ya mangi, walisema. Akawaambia wafungue ukurasa wa mangi, waiandike huko.