Bei ya Kushinda

Mwaka 2014, nilipokuwa nikiishi London, nilinunua cherehani cha mkono aina ya Singer katika mnada wa mtandaoni. Nilikitaka kwa ajili ya mama, aliyeko Tanga, kwani chake kilikuwa kimekufa na fundi amekikatia tamaa. Moyoni niliweka kikomo: pauni 50, basi. Jioni ya mwisho mtu nisiyemjua akanizidi dau. Nikapanda, akapanda. Muda ulipokwisha nilikuwa nimefika pauni 92, na gharama ya kuletewa pauni 18. Kompyuta ikanipongeza: nimeshinda.

Baada ya wiki mbili nikapita mbele ya duka la mtaani kwetu linalouza vitu vilivyotolewa sadaka. Dirishani palikuwa na cherehani kama kile, pauni 45, tena unaruhusiwa kukizungusha kabla ya kulipa. Mama aliponiuliza kwa simu nimekinunua kwa bei gani, nilimjibu, "Arobaini na tano, mama."

Tangu hapo nimekuwa nikiichunguza hoja tunayoambiwa kila mara, kwamba mnada ndio mizani ya haki, kwa kuwa bei huamuliwa na wanunuzi wenyewe. Hoja hiyo ina ukweli wake. Pierre Omidyar alipoanzisha mnada ambao baadaye uliitwa eBay, mwaka 1995, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza, mbovu, kwa dola 14.83. Mnunuzi alikuwa mtu anayekusanya kalamu mbovu za namna hiyo. Ni duka gani lingekuwa na bei ya kitu kama hicho? Hapo mnada unafaa.

Lakini cherehani changu hakikuwa kitu adimu. Kiwanda cha Singer cha Clydebank, Scotland, kilitengeneza vyerehani tangu 1885 hadi kilipofungwa 1980, na Uingereza vimejaa tele. Penye vitu tele, mnada haumtafuti anayejua thamani. Humtafuta aliyekosea zaidi kwa kupanda juu. Wengine wote huwa wamekwisha kuacha. Watafiti Ulrike Malmendier na Young Han Lee walilionyesha jambo hili katika makala yao ya mwaka 2011. Walichunguza minada ya mchezo mmoja wa mezani, ambao wakati huohuo, katika mtandao uleule, uliuzwa pia kwa bei isiyobadilika. Katika minada 42 kwa kila 100, mshindi alilipa zaidi ya bei hiyo iliyokuwa mbele ya macho yake.

Watetezi watasema kosa ni langu: ningetaja kikomo changu mara moja nikaenda kulala, mashine ingenipandishia kidogo kidogo. William Vickrey alieleza tangu 1961 kwamba mshindi akilipa dau la wa pili, busara ni kila mtu kutaja thamani yake ya kweli. Ni sawa. Ila mimi thamani yangu ilibadilika kila nilipozidiwa. Mpinzani ndiye aliyenifundisha kukipenda kile cherehani. Na neno "kushinda" lilifanya kazi yake. Dukani hakuna anayekwambia umeshinda. Unaambiwa bei, unafikiri, unaondoka ukitaka. Katika mnada wa ana kwa ana, angalau jirani angenivuta shati.

Muuzaji simlaumu. Hakunidanganya, wala hakunishika mkono. Nalaumu mpango unaogeuza ununuzi kuwa mashindano, na namlaumu aliyekubali kushindana kwa fedha zisizokuwa za mchezo.

Mwaka 2016 nilirudi nyumbani, nikamkuta mama anashona. Nikamwambia bei ya kweli. Aliendelea kuzungusha mkono wa cherehani hadi mwisho wa pindo, kisha akasema, "Mwanangu, mwaka ule paa lilikuwa linavuja."

Siku hizi, kabla ya kutia dau lolote, kwanza nazunguka madukani. Kisha naandika kikomo changu kwenye karatasi, nikampa mke wangu aishike.