Mama Yake Yuko Wapi?

Kwa muda wa miaka thelathini na zaidi kazi yangu ilikuwa kuwafundisha walimu, na katika miaka ya mwisho kukiongoza chuo chao. Nimesahihisha insha nyingi kuliko siku nilizoishi. Nilikuwa na desturi ya kuandika maswali matatu pambizoni mwa kila insha ya masimulizi: Nani anatenda? Nani anatendewa? Nani hayumo? Swali la tatu ndilo lililowasumbua wanachuo wangu. Wakiniuliza, “Mwalimu, tutamjuaje asiyekuwamo?” niliwajibu kwamba insha hudanganya mara chache kwa yale inayoyataja, bali mara nyingi kwa yale inayoyanyamazia.

Leo nataka kuusahihisha mtungo mmoja ambao mimi mwenyewe nilishiriki kuutunga.

Mwaka 2012, miaka miwili baada ya kustaafu, usharika wetu ulipokea wageni kumi na wanne kutoka kanisa rafiki la Marekani. Walikuja kuwahudumia yatima katika kituo kimoja kilicho jirani nasi, chini ya Mlima Kilimanjaro. Kwa kuwa nilikuwa mzee wa kanisa na Kiingereza changu kilikuwa bado hakijachakaa, niliombwa niwe mkalimani. Nilikubali kwa furaha, tena kwa majivuno kidogo.

Wageni wale walikuwa watu wema. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba nimekaa kuwacheka. Waliamka alfajiri, walikula chakula chetu bila kulalamika, na wengine walikuwa wamefanya kazi za ziada mwaka mzima ili wapate nauli. Kwa siku tisa walipaka rangi mabweni, walicheza mpira na watoto, walifundisha nyimbo, wakagawa miswaki na madaftari. Siku ya kumi waliagana na watoto kwa machozi, wakaenda Ngorongoro kuona wanyama kwa siku mbili, kisha wakarudi kwao.

Siku ya nne mama mmoja miongoni mwao aliketi kwenye benchi na mtoto wa kiume wa miaka saba hivi, aliyevaa shati la njano. Akanigeukia akasema, “Mwambie kwamba nasikitika sana kuwa amewapoteza wazazi wake.” Nikamwambia. Mtoto akaniangalia kwa mshangao, akajibu bila kusita: “Mama yupo. Anauza ndizi stendi. Huja Jumapili.”

Niliinua macho. Mkurugenzi wa kituo alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, naye alikuwa akinitazama. Nikamgeukia yule mama nikasema kwa Kiingereza: “Anasema ahsante.”

Hayo ndiyo niliyoyafanya, mimi niliyewafundisha wengine kwamba mfasiri ni mdhamini wa maneno ya watu.

Baada ya miezi michache kilitufikia kijitabu chenye picha za safari ile, kilichochapwa na kanisa lao kwa ajili ya waliochangia. Nilikisoma mara moja kama mwenyeji, nikafurahi. Nilikisoma mara ya pili kama mwalimu, na kalamu nyekundu ikaanza kuniwasha mkononi.

Nani anatenda? Wageni. Vitenzi vyote vyenye nguvu ni vyao: tulijenga, tulifundisha, tuliguswa, tulilia, tulibadilika. Kitenzi hiki cha mwisho kinarudi karibu katika kila ukurasa. Msafiri mmoja baada ya mwingine anaeleza jinsi alivyoondoka kwake akiwa mtu mmoja na kurudi akiwa mwingine. Nani anatendewa? Watoto. Wao wanatabasamu, wanakumbatia na kushukuru. Hakuna mtoto anayeuliza swali, anayekasirika, wala anayetaka jambo ambalo mgeni hakuja nalo. Kwa hiyo kijitabu kinachosema kimeandikwa kuhusu yatima kimeandikwa kuhusu wasafiri, na watoto ni mandhari yake kama vile mlima ulio nyuma yao.

Nani hayumo? Hawamo mama walezi wawili, walioosha nguo za watoto arobaini kabla ya wageni kuamka na baada ya wageni kulala. Hayumo fundi rangi wa mtaani, ambaye angezipaka kuta zile kwa ujira mdogo na ambaye wiki ile alikaa bila kazi. Zaidi ya wote, hayumo mzazi hata mmoja. Ukurasa wa kumi na moja yupo mtoto wa shati la njano, na chini yake wameandika kwamba hana mtu duniani. Ukurasa wa mwisho nimeshukuriwa mimi, kwa kuwapa watoto sauti.

Hapo niliona kwamba kosa halikuwa la mwandishi peke yake. Mtungo huo ulikuwa na watungaji wengi, nasi wenyeji tulikuwa miongoni mwao. Hata neno letu lilitusaidia kudanganya. Yatima tulilipata kutoka Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla hajabaleghe, hata kama mama yake yu hai. UNICEF nayo humhesabu aliyefiwa na mzazi mmoja. Lakini Mmarekani akisikia neno lake la Kiingereza, moyoni mwake huona mtoto asiye na mtu yeyote. Sisi tulitamka neno moja tukijua maana yetu, tukamwachia mgeni maana yake, kisha tukapokea mchango uliotolewa kwa maana yake.

Jambo hili si la kituo kimoja. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilieleza kwamba angalau watoto wanne kati ya watano walioko katika vituo vya kulelea watoto duniani wana mzazi mmoja aliye hai, au wote wawili. Huko Kambodia vituo viliongezeka kwa asilimia 75 kati ya mwaka 2005 na 2010, ingawa vita vilikuwa vimekwisha zamani. Kilichokuwa kikiongezeka ni watalii na wafadhili. Na mwezi Januari 2010, baada ya tetemeko la Haiti, Wamarekani kumi, wengi wao wa makanisa ya Kibaptisti, walikamatwa karibu na mpaka wakiwavusha watoto 33 bila hati kwenda Jamhuri ya Dominika, ambako walikusudia kuanzisha kituo cha yatima. Ikabainika kwamba wengi wa watoto hao walikuwa na wazazi, ambao waliwatoa kwa ahadi ya shule na maisha bora.

Utaratibu wake si mgumu kuuelewa. Mgeni anakuja kumhudumia yatima, basi lazima yatima awepo. Fedha hufuata vitanda vilivyojaa, na mkurugenzi mwenye vitanda vitupu hana cha kuonyesha. Mzazi maskini hutambua kwamba sare, chakula na daktari vinapatikana upande ule wa ukuta na si upande wake. Hakuna aliyemnyang'anya mtoto. Amewekewa tu mizani ambayo upande mmoja hauna kitu.

Mtoto hulipa nini? Tuliokuwa tukifundisha saikolojia ya elimu tulimtaja John Bowlby, aliyeandika ripoti yake kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1951, akieleza kwamba mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mama au mtu anayeshika nafasi yake. Tulilifundisha hilo ubaoni, na wanachuo wakalijibu vizuri katika mtihani. Kisha tukawaalika wageni kumi na wanne wapendwe kwa siku tisa na kuondoka, na mwaka uliofuata wengine kumi na wanne. Yule mtoto anayemkimbilia mgeni asiyemjua na kumshika mkono dakika ya kwanza, ambaye kijitabu kilimsifu kwa upendo wake, mwalimu aliyesoma angepaswa kumwonea wasiwasi.

Nilikwenda stendi. Haikuwa vigumu kumpata mama yule, kwa sababu mtoto alikuwa amefanana naye paji la uso. Aliniamkia, “Shikamoo, Mwalimu,” nami nikaona aibu kuitikia. Mume wake alikuwa amefariki, na shamba likachukuliwa na ndugu wa mume. Kituoni aliambiwa kwamba mtoto atasoma na kula, na kwamba anaweza kuja Jumapili, ila wageni wakiwapo asije. Nikamuuliza angehitaji nini ili akae na mwanawe. Hakufikiri sana, maana hesabu yake alikuwa nayo tayari: mtaji wa shilingi elfu themanini, na chumba kisichovuja. Nakumbuka kwamba nauli ya ndege ya mgeni mmoja ilikuwa zaidi ya shilingi milioni mbili za wakati ule.

Katika Waraka wa Yakobo yatima hakutajwa peke yake. Ametajwa pamoja na mjane. Sisi tuliwatenganisha. Tulimchukua yatima, kwa kuwa hupendeza katika picha, tukamwacha mjane stendi na ndizi zake.

Nililipeleka jambo hili katika baraza la wazee. Nilisikilizwa kwa heshima. Mzee mmoja akasema kwamba wageni wameahidi tangi la maji mwaka ujao, basi ni vema tungoje. Tukangoja, nami nikiwa mmoja wa waliongoja. Tangi lilikuja, na ni lazima niseme ukweli kwamba lipo hadi leo na maji yake ni safi. Mtoto alikaa kituoni mpaka akamaliza darasa la saba.

Wenzangu huniuliza: je, unataka tuwafukuze wageni? La. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, wakasema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini jembe hutolewa na mwenyeji, kwa kuwa yeye ndiye anayejua palipoota magugu. Sisi tuliwapa wageni brashi ya rangi kwa sababu ndiyo waliyoitaka, tukaificha kazi yenyewe. Tungewaambia, “Kuna wajane ishirini, kila mmoja na hesabu yake,” nadhani wengi wao wangelielewa.

Wala sisemi kila kituo kifungwe kesho. Wako watoto ambao kweli hawana mtu, na wako ambao nyumbani kwao ni hatari kuliko kokote. Lakini majirani zetu wameonyesha kwamba njia nyingine ipo. Rwanda mwaka 2012 ilihesabu watoto 3,323 katika vituo 33, ikaanza kuwarudisha katika familia. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwezi Novemba 2017, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kuhamishia malezi katika familia. Mambo hayo hayahitaji muujiza. Yanahitaji afisa ustawi wa jamii mwenye nauli ya kufika kijijini, na swali moja linaloulizwa kabla ya kitanda kutandikwa: mama yake yuko wapi, na nini kimemshinda?

Baada ya miaka kadhaa nilimwandikia yule mama wa Marekani nikamweleza mtoto alisema nini siku ile. Nilitegemea ama kimya, ama ghadhabu. Alinijibu kwa barua fupi. Aliomba namna ya kumfikia mama wa mtoto, na chumba kile sasa kina bati jipya. Kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia palepale kwenye benchi, kwa kuwa angekwenda stendi jioni ileile.

Nilijibu kwamba nilimwogopa mkurugenzi. Jibu hilo si la kweli lote. Niliogopa kumharibia mgeni siku yake njema, na niliogopa kwamba tukionekana tuna wazazi tutaonekana hatuna shida. Barua ya pili yenye maneno haya bado sijaipeleka posta.