Sinema mbili za Sammy Baloji

Wengi wetu tumezoea sinema yenye kichwa na mkia. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi (1978), hatupi hiyo. Hupenda kufanya kazi na wengine, kila mmoja akileta chake, wala hakuna msemaji wa kutueleza kwa nini vitu hivi vimewekwa pamoja. Tulizitazama sinema zake kwa shida, na shida ile haijatutoka yote.

Katika *Pungulume* (2016), aliyoitengeneza pamoja na Filip De Boeck, mtaalamu wa antropolojia wa Leuven, chifu Mpala wa Wasanga na wazee wa baraza lake wanasimulia asili ya watu wao. Nchi yao ni Fungurume, penye shaba na kobalti. Wazee wanasema, kisha tunaona milima inachimbwa, wanasema tena. Mara ya kwanza tulichoka, tusifiche. Majina yalitupita kama nasaba ya Matayo inavyowapita wakristu wanaosinzia.

Lakini mkatekista yeyote wa Kabambare angetufungua macho hapa. Mzee akihesabu babu zake mbele ya watu, hapitishi jioni tu. Anataja nani alifika kwanza, alivuka mto gani, amezikwa wapi: ile ndiyo hati yake ya udongo. Basi wazee wa Mpala wanatoa ushuhuda katika shauri, na mashine zinazokula mlima ndizo upande wa pili. Mwaka ule ule wa 2016 kampuni ya Marekani iliuza sehemu yake ya mgodi kwa Wachina, nasi twajiuliza kama jina la babu hata mmoja lilitajwa siku ile. Watu wa Salamabila, walioona zahabu ya Namoya ikichimbwa na Wabelgiji, halafu na Banro ya Kanada, hawangehitaji kuelezwa sana.

Hata hivyo tuna neno. Katika baraza zetu anayesema ana mwitikiaji. Hapa wazee wanasema, na hakuna wa kuitikia. Msanii na mtaalamu wameelewana wao wawili, wakamsahau mtazamaji.

*Tales of the Copper Cross Garden* (2017) inatugusa sisi mapadri zaidi. Wafanyakazi wa kiwanda wanayeyusha shaba na kuivuta iwe nyaya; juu yao tunasikia Waimbaji wa Msalaba wa Shaba, kwaya ya watoto iliyoanzishwa Elisabethville mwaka 1937 na Padri Lamoral, mbenediktini. Pamoja na nyimbo yako maneno ya V.Y. Mudimbe, aliyesoma seminari, akawa mbenediktini, akatoka, akafariki mwaka 2025. Msalaba wa shaba ulikuwa feza ya wazee wa Katanga kabla ya kuwa alama ya kwaya. Ukilijua hilo, unasikia shtaka: shaba na watoto walipitishwa katika tanuru moja. Usipolijua, unaona nyaya, unasikia wimbo, basi.

Shtaka ni zito, wala hatulikatai. Linalotusumbua ni kwamba wimbo wenyewe haukubali kuwa ushahidi tu; ni mzuri, na wale watoto wanauimba kwa moyo. Mudimbe amepewa maneno yake. Waimbaji wana wimbo waliofundishwa, hakuna zaidi. Jina la sinema lasema hii ni sehemu ya kwanza. Katika ya pili tungependa kumsikia mmoja wao akisema.